Maswali 25 kuhusu mwanangu

Mwezi wa nne nilimpeleka kijana wangu wa darasa la tatu kwa mwanasaikolojia, Kinondoni, baada ya mwalimu kuniita shuleni mara ya tatu. Anapigana, anarusha madaftari ya wenzake, na nyumbani karudia kukojoa kitandani. Mama mkwe alitaka asomewe. Alisomewa, sikatai, lakini shuka ziliendelea kuanikwa.

Nianze na ubaya. Miadi saa tatu, tukaingia saa tano kasoro. Ukuta wa mapokezi ni mbao nyembamba; nilimsikia mama aliyetangulia akilia, nikajua na mimi nitasikika. Nikaongea kwa kunong'ona muda wote. Kwa shilingi 70,000, tena bima imekataa, wangewasha hata redio pale nje.

Ila yule dada mwanasaikolojia kazi anaijua. Alinipa dodoso la Kiswahili, maswali 25: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa, ukifikiria miezi sita iliyopita. Jingine nikampelekea mwalimu, maana shuleni na nyumbani mtoto si mmoja. Mimi nilikwenda kushtaki. Kumbe mengine yanauliza kama mtoto hugawana vitu na wenzake, kama ni mpole kwa wadogo. Kalamu ikasimama. Huyu huyu kila asubuhi humbakishia mdogo wake nusu andazi, na mwaka mzima sikuwa nimemwambia mtu.

Mtoto akapewa karatasi achore watu wa nyumbani. Akatuchora sote, na pembeni mama yangu kwenye mkeka. Mama tulimzika Januari. Mtoto tukamwambia bibi kasafiri Tanga.

"Na huyu yuko wapi sasa?" dada akauliza.

Hakujibu. Akanitazama mimi.

Wanaotaka jina la ugonjwa siku hiyo hiyo hawatalipata. Alisema dodoso ni la kuchuja tu, yaani kuonyesha kama kuna la kufuatilia, na jibu alilitoa safari ya pili, baada ya la mwalimu kurudi. Dawa haandiki, ikihitajika anakuandikia barua kwa daktari wa akili. Sisi hatukufika huko. Kazi tuliyopewa ilikuwa kumweleza mtoto ukweli kuhusu bibi na kumpeleka makaburini, na hiyo ilinishinda wiki mbili nzima.

Shuka bado naanika, ila si kila siku. Ningewapa nyota nne. Mkienda, chukueni miadi ya kwanza asubuhi, na mkae viti vya dirishani, mbali na ule ukuta.