Boksi la kuhifadhia katuni: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Adui mkubwa wa majarida ya zamani ya katuni yumo ndani ya karatasi yenyewe. Mengi yalichapishwa kwenye karatasi ya magazeti, na karatasi hiyo imejaa lignini, kitu cha asili kilichomo kwenye mbao. Mwanga na hewa vikiifikia, asidi huongezeka: kurasa zinakuwa manjano, halafu kahawia, mwishowe zinakatika ukizifunua tu. Kadibodi ya kawaida ina lignini hiyohiyo, na asidi yake huhamia kwenye majarida. Kwa hiyo mimi hupanga maboksi kwa kuangalia kwanza limetengenezwa kwa malighafi gani, halafu uzito wake likijaa.

1. Boksi fupi la kadibodi isiyo na asidi wala lignini. Nunua hili. Lina urefu wa sentimita 40 hivi na linabeba majarida 150 hivi, kila moja likiwa ndani ya mfuko wake na kadi ngumu ya kuliegemeza. Lililo bora zaidi limetiwa kalsiamu kaboneti, inayomeza asidi kadiri inavyojitokeza. pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) huwa juu kidogo ya 8. Usiridhike na maneno yaliyoandikwa ubavuni. Huenda karatasi nyeupe ya juu ndiyo salama peke yake, na ndani ni kadibodi ya kawaida. Ziko kalamu maalumu za kupimia: chora mstari mfupi kwenye ukingo uliokatwa, pale tabaka la kati linapoonekana. Ukitoka wa zambarau, hakuna asidi. Ukitoka wa manjano, achana nalo. Kalamu haipimi lignini, hivyo soma na maelezo ya mtengenezaji.

2. Boksi la plastiki ya polipropilini. Kama paa linavuja au wadudu wanasumbua, lipandishe hadi namba moja. Tatizo lake ni unyevu: ukifungia humo majarida yenye unyevunyevu, ukungu utaota. Weka pakiti za silika, zinazonyonya unyevu, na uzibadilishe. Plastiki ya PVC usiiguse kabisa, maana ikizeeka hutoa asidi.

3. Boksi la droo. Linamfaa anayesoma katuni zake mara kwa mara, kwa sababu unavuta droo ya chini bila kushusha maboksi ya juu. Kadibodi yake uipime vilevile.

4. Boksi la makavazi lenye kona za chuma. Kwa ubora halina mpinzani, ila ni ghali na vipimo vingi ni vya nyaraka. Nadra zako chache zilaze humo.

5. Boksi refu. Sentimita 70, majarida 250 hadi 300, na likijaa linafika kilo 20 na zaidi. Watu huliburuta, kitako kinalegea, na majarida ya chini ndiyo yanayoumia.

Katoni za bidhaa hazimo kwenye orodha hii.

Kabla ya kulipa, pima jarida lako pana kuliko yote. Ya miaka ya 1940 yanakaribia sentimita 20, ya sasa ni 17 hivi, na boksi jembamba litayakunja kingo. Ukishapanga, kiganja kipite kwa urahisi mwishoni mwa safu. Nafasi ikizidi hapo, majarida yanainama na migongo inapinda. Jaza kwa kipande cha kadi isiyo na asidi. Boksi likae juu ya rafu, mbali na dirisha na ukuta wa nje.