mySugr kwa mgonjwa wa kisukari wa Moshi

mySugr ilianzia Vienna, Austria, na tangu 2017 inamilikiwa na Roche, watengenezaji wa mashine za kupimia sukari za Accu-Chek. Ni daftari la sukari ndani ya simu: unaingiza kipimo, chakula, dawa na mazoezi, nayo inachora grafu na kutoa ripoti ya PDF. Kiswahili hakimo, ila kwa kuwa kazi kubwa ni kujaza namba, mtu huizoea haraka.

Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio uchague mmol/L, kipimo cha kliniki zetu. Ikibaki mg/dL, kila namba inazidishwa kwa 18, na sukari ya 7 inasomeka 126. Mzee asiyeambiwa atakimbilia hospitali bure.

Halafu saa. Anayeingiza vipimo mwenyewe kwenye programu aandike kipimo cha saa 1 asubuhi kama 7:00, si 1:00. Ukikosea hapo, sukari ya kabla ya chai inahamia usiku wa manane. Daktari akiisoma ripoti hiyo anaweza kudhani sukari inapanda ukiwa umelala, akagusa insulini ya jioni isiyo na kosa.

Usumbufu huo unaisha ukiwa na Accu-Chek Instant au Guide, kwa sababu zinatuma majibu kwa Bluetooth bila kutumia bando. Accu-Chek Active ya zamani haitumi kwa njia hiyo. Unganisha mashine ukiwa ndani ya programu yenyewe, na uwashe pia huduma ya mahali ulipo. Simu nyingi za Android za miaka ya nyuma haziioni mashine bila hiyo. Kwenye Tecno na Infinix, kiokoa betri huifunga programu kimyakimya, kwa hiyo itoe kwenye orodha ya zinazofungwa. Vipimo havipotei: mashine hutunza 720, na huingia ukifungua programu baadaye. Ila kabla ya kununua mashine yoyote, uliza maduka mawili matatu ya dawa mjini kama stripu zake, vile vibanzi vya kuwekea damu, hazikatiki. Mashine bila stripu ni pambo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye chakula. Programu inataka gramu za wanga, na haijui machalari wala kiburu, mapishi yetu ya ndizi. Hapo hakuna njia ya mkato, tafuta mzani wa jikoni. Ndizi za kupika, kwa kukadiria, zina wanga gramu 30 katika kila gramu 100, na wali uliopikwa uko karibu hapo hapo. Kwa mtori, pima ndizi zikiwa zimemenywa, kabla hazijaingia sufuriani: kilo 1 ni kama gramu 300 za wanga, na sufuria ikitoa mabakuli 6, kila bakuli lina 50. Nyama haihesabiwi kwenye wanga. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iandikwe kwenye maelezo, maana wanga wake hupandisha sukari mwanzoni, kisha pombe inaweza kuishusha saa kadhaa baadaye, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi.

Programu pia haikagui ubora wa kipimo. Ukimenya embe ukapima bila kunawa, itahifadhi 14 ya kidole chenye juisi kana kwamba ndiyo ya damu. Wala haitakuamsha sukari ikishuka, kwa kuwa inajua tu ulichopima. Chini ya 3.9, kunywa sukari gramu 15, yaani vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Kuandika kutasubiri.

HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, inayokadiriwa kwenye skrini isichukue nafasi ya ile ya maabara. Anayepima kabla ya kula tu hataona kilele cha baada ya chakula, na kadirio litatoka zuri kuliko hali halisi.

Kwa anayechoma insulini na kupima mara 3 au 4 kwa siku, inafaa sana. Anayetumia vidonge vya metformin peke yake na kupima mara moja moja, daftari la kawaida linamtosha. Ukiwa unakwenda kliniki, KCMC au Mawenzi, chapisha ripoti ya wiki mbili za mwisho kwenye A4, iingie kwenye faili. Grafu ya kwenye simu, daktari mwenye foleni ndefu ataitupia jicho tu na kukurudishia.