TAHADHARI: Gari likipiga stata kivivu, usikubali kuuziwa sensa

Ndugu zangu wenye magari hapa Dar, hasa mnaoendesha IST, Vitz na wenzao, kuna mchezo unachezwa na fundi mwenye mashine ya kupimia akishirikiana na muuza spea. Someni kabla hamjatoa hela.

Gari la shangazi yangu lilianza kusumbua asubuhi. Ukipiga stata, injini inazunguka kwa kujivuta na taa za dashibodi zinafifia, ndipo linawaka. Fundi akachomeka mashine, ikasoma kodi (namba ya hitilafu) P0335. Palepale akasema sensa ya krenki (kifaa kinachosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini) imekufa, akampeleka kwa "jamaa yake" Gerezani. Shangazi akalipa 180,000 kwa sensa iliyokuwa kwenye boksi lenye jina la Denso, maandishi yake yamefifia na risiti hakupewa. Kesho yake gari likawa vilevile. Aliporudi, muuzaji akamwambia sasa imebaki sensa ya kamu (shafti inayofungua valvu), aongeze hela. Na ile sensa ya mwanzo, iliyokuja na gari kutoka Japani, wamebaki nayo. Mimi naamini ilikuwa nzima na itauzwa kwa mwingine.

Sensa ya krenki haizungushi injini. Inaiambia tu kompyuta ya gari injini imefika wapi katika mzunguko wake. Ikifa, kwa kawaida stata inazungusha vizuri kabisa lakini gari haliwaki, au linazima njiani likipata moto na kuwaka tena likipoa. Injini ikizunguka kivivu, anza na betri, vichwa vyake, waya wa athi (unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha gari na injini) na stata yenyewe. Tena umeme ukiporomoka wakati wa stata, kompyuta inaweza kuandika kodi za sensa ambazo hazina kosa. Kodi yenyewe inataja saketi nzima, yaani waya, soketi na sensa. Kuna jambo baya zaidi: mtu akichomoa soketi ya sensa kisha akapiga stata, kodi inaweza kujiandika hata kama sensa ni nzima. Kwa hiyo fundi asiinamie injini yako peke yake kabla ya kupima.

Mwambie alete mita ya umeme. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Wakati wa stata isishuke chini ya 9.6. Gari likishawaka, tegemea kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kisha aweke waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, athi ina matatizo.

Hapo ndipo ugonjwa wa gari la shangazi ulipokuwa. Nati ya athi kwenye giaboksi ilikuwa imelegea na kuota kutu. Fundi mwingine akapiga msasa, akakaza, akafuta kodi, na hazijarudi.

Ukinunua sensa, dai risiti ya EFD na uondoke na spea yako ya zamani mkononi. Boksi lile tumelitunza, tunalipeleka Tume ya Ushindani kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao. Kama umeuziwa sensa kwa mtindo huu maeneo hayohayo, usitupe boksi lako, nitumie ujumbe twende pamoja.