Kisanduku cha kuanzia Dungeons & Dragons cha 2014: hesabu zake, mapengo yake na lile pambano la kwanza

Ukikikuta kisanduku hiki cha mchezo wa mezani wa kusimulia kisa kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika, kifungue uhesabu kabla hujatoa pesa: vitabu viwili, karatasi tano za wahusika, dadu sita. Kitabu cha kanuni kina kurasa 32, cha kisa kina kurasa 64. Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu, walikitoa Julai 2014 kwa dola 19.99 za Marekani. Mwaka 2022 wakatoa kisanduku kipya cha wanaoanza, na 2023 kisa hiki kikaingizwa ndani ya kitabu kikubwa zaidi. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kuwakalisha ndugu au marafiki usiku mmoja waonje mchezo huu, hiki cha zamani bado ndicho tunachokipendekeza.

Sababu ni sura ya kwanza. Kisa kizima kinawatoa wahusika daraja la 1 hadi la 5 na huchukua wiki nyingi, lakini sura ya kwanza inasimama peke yake. Wahusika wanasindikiza mkokoteni wa bidhaa kutoka Neverwinter kwenda mji mdogo wa Phandalin, kwa ujira wa vipande 10 vya dhahabu kila mmoja. Njiani wanakuta farasi wawili wamekufa kwa mishale. Wanashambuliwa, wanafuata nyayo, wanafika kwenye pango lenye mateka ndani. Muda wa saa tatu au nne, na kila kinachofanya mchezo huu upendwe kimo humo: vita, upelelezi, mazungumzo, na uamuzi ambao kitabu hakiwaamulii.

Kwa asiyeujua: mtu mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo mbele yao, wachezaji wanasema wanafanya nini. Jambo likiwa na shaka, inarushwa dadu ya pande 20, inajumlishwa na nyongeza ya mhusika, na jumla inalinganishwa na kiwango kilichowekwa.

Kasoro ya kwanza ni dadu zenyewe. Ipo moja tu ya kila aina: pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Mezani wakiwa watano, dadu ya pande 20 inazunguka kutwa. Mhusika akipata nafasi ya upendeleo anatakiwa arushe mbili achukue kubwa, kwa hiyo inabidi arushe mara mbili, na katikati ya vita watu husahau ile ya kwanza ilikuwa ngapi. Ongeza angalau seti moja nyingine, au tumia programu ya dadu kwenye simu.

Karatasi za wahusika, kwa upande mwingine, ni kazi nzuri kabisa. Wapiganaji wawili, kasisi, mwizi mjanja na mtaalamu wa nguvu za siri. Wote wamekwisha kuhesabiwa, na yanayobadilika wakipanda daraja yameandikwa hapo hapo. Nafasi ya jina imeachwa wazi. Mwache kila mchezaji ajaze mwenyewe, maana hapo ndipo mhusika anapoanza kuwa wake. Anayetaka kuunda mhusika mpya kuanzia sifuri hatapata maelekezo kisandukuni. Atayapata katika kanuni za msingi ambazo kampuni hiyohiyo inazitoa bure mtandaoni.

Sasa kasoro kubwa, ambayo mwenye kuongoza lazima aijue kabla. Pambano la kwanza ni kali kuliko wanaoanza wanavyostahili. Goblini wanne, viumbe wadogo wakorofi wa hadithi, wamejificha vichakani. Wawili wanakimbilia kushambulia kwa karibu, wawili wanapiga mishale. Kila mmoja anajumlisha 4 kwenye dadu, na pigo lake ni dadu ya pande 6 na 2 juu yake. Mtaalamu wa nguvu ana kinga ya 12, yaani jumla ambayo shambulio lazima liifikie ndipo limpate, na pointi 8 za uhai. Goblini anampata kwa 8 au zaidi, yaani nyuso 13 kati ya 20, na pigo moja ambalo dadu yake imetoka 6 linamlaza chini palepale. Kasisi mwenye kinga ya 18 anapatwa na nyuso 7 tu. Kwa hiyo wachezaji wawili walioketi bega kwa bega wanacheza michezo miwili tofauti, na yule mdogo aliyevutiwa na nguvu za siri ndiye anayetangulia kuanguka.

Dawa si kuficha matokeo ya dadu. Punguza goblini kulingana na watu: wachezaji watatu, goblini wawili au watatu; wachezaji wanne au watano, waache goblini wote wanne. Mishale ya kwanza ielekeze kwa waliovaa chuma. Kabla hakijaanza chochote, mweleze mwenye karatasi ya mtaalamu wa nguvu vitu viwili. Kinga ya kichawi aliyonayo inampandisha kutoka 12 hadi 15. Na ule uwezo wa kulaza usingizi hurushwa kwa dadu tano za pande 8, wastani kama 22. Goblini ana pointi 7, hivyo kwa kawaida watatu wanalala kwa mpigo mmoja. Ila unalaza na rafiki aliyesimama katikati yao. Pambano likiisha wapumzishe saa nzima ya kisa ili warudishe uhai, kwa sababu wanaoanza hawajui kuwa wanaruhusiwa.

Pangoni, jambo linalosahaulika sana ni giza. Kasisi ni kibeti na mtaalamu wa nguvu ni elf, watu wa hadithi wanaoona gizani. Wapiganaji wawili, ambao ni wanadamu, na mwizi hawaoni. Watahitaji mwenge, na mwenge unaonekana na mlinzi wa darajani. Akishtuka anatoa ishara, na wenzake wanafungulia maji ya kidimbwi kuwasomba walio kwenye mkondo. Maji ya kidimbwi cha pili yanaweza kufuata, kwa hiyo usiharakishe kusema "yamepita".

Hatari nyingine ni ufa ulio kwenye banda la mbwamwitu. Watu wakiupanda wanatokea moja kwa moja kwa mkuu wa pango, Klarg, mwenye pointi 27 na pigo la dadu mbili za pande 8 na 2 juu yake. Pigo moja likifika 16, mtaalamu wetu mwenye pointi 8 hazimii tu, anakufa kabisa, kwa kuwa kilichozidi kimelingana na uhai wake wote. Katika mapigo 64 ni sita hivi. Wape dalili: mwanga wa moto juu ya ufa, sauti nzito inayofoka. Wakipanda wakijua, uamuzi ni wao.

Lugha. Vitabu vyote ni Kiingereza, na aya za kusomwa kwa sauti ni ndefu. Zitafsiri mapema kwa sentensi mbili tatu kila moja. Goblini akiwa "kibwengo" anaingia vizuri sana masikioni, na Klarg akiwa "zimwi" hahitaji maelezo. "Mchawi" liepuke kwa mhusika mwema, hasa wazee wakiwapo, kwani kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru; sema "mjuzi". "Mbilikimo" nalo liache, ni jina wanaloitwa watu halisi, "kibeti" linatosha. Elf usimwongezee irabu, atageuka hesabu ya elfu. Na ukifungua kwa "Paukwa!" meza nzima ikajibu "Pakawa!", kila mtu amekwisha kujua nani anasimulia na nani anasikiliza.

Muda ukiwa mfupi, ondoa mitego miwili ya njiani, anza na farasi, maliza kwa kumwokoa Sildar, yule mateka. Yeemik, msaidizi wa Klarg, atawataka wamuue bosi wake ndipo amwachie. Usimfanye apigane mara moja. Mpe nafasi aseme, na uandike pembeni kama walimwacha hai.