Mofolojia ya Propp kwa wakusanyaji wa ngano za Kisukuma

Anayerekodi ngano Magu, Kisesa au Misungwi atafaidika sana na kitabu cha Propp, Mofolojia ya Ngano, ila kina mtego ulioanzia kwenye jina. Vladimir Propp, mwanafilolojia aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1895, alichambua ngano 100 kutoka mkusanyo wa ngano za Kirusi wa Afanasyev, na zote ni ngano za maajabu. Jina alilokusudia lilitaja maajabu. Mhariri akaliondoa neno hilo toleo la 1928 lilipotoka. Basi watu huchukua hadithi ya sungura na fisi, wakailazimisha kuingia kwenye zile dhima 31 (matendo ya wahusika yanayosukuma ngano, ambayo Propp aliyapa kila moja herufi au alama yake), wanakwama, kisha wanakilaumu kitabu.

Chukua ngano ya Kisukuma ya shujaa Masala Kulangwa uone. Zimwi Shing'weng'we amemeza watu na ng'ombe, kasalia mama mjamzito aliyejificha kwenye pumba: hiyo ni A, uovu, dhima ya 8. Mama anamweleza mwanawe yaliyowapata watu wao (B). Kijana anaondoka (↑), anapambana (H), anashinda (I), tumbo linapasuliwa na watu wanatoka (K), anatawazwa (W). Dhima kadhaa hazimo, na Propp anakubali hilo. Asilokubali ni kupangua mfuatano. Pagumu ni pale bibi kizee anapokatwa sikio wakati wa kupasua, akapandwa na hasira. Wengi hulifuta tukio hilo ili mstari wa herufi unyooke. Wanaharibu ngano! Propp mwenyewe anasema uovu mpya huanzisha mwendo mpya, yaani mfuatano mwingine wa dhima, kwa hiyo anza mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, wenye A yake.

Tafuta toleo la Kiingereza la 1968, tafsiri ya Laurence Scott iliyopitiwa na Louis Wagner. Anza na sura ya 3. Ya kwanza ni mabishano ya wataalamu, inaweza kusubiri. Jihadhari na fotokopi: tarakimu ndogo juu ya herufi hufifia. A¹ ni kuteka mtu, A¹⁴ ni kuua. Ile 4 ikipotea, muuaji amekuwa mtekaji.

Andika kwanza masimulizi yote kwa Kisukuma, neno kwa neno, ndipo uweke herufi pembeni kwa penseli. Ukitanguliza herufi, utasikia unachokitafuta tu. Na kwa kuwa nyimbo za katikati ya ngano hazina herufi yoyote kwa Propp, zichoree safu yake, uonyeshe kila wimbo umeingia baada ya dhima ipi na nani aliuitikia.