Handbreki ya haidroliki kwa gari la rali: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayetafuta handbreki ya haidroliki kwa kawaida huanza na leva: urefu wake, rangi yake, kama imesimama wima au imelala. Leva haina siri kubwa. Kinachoamua kama magurudumu ya nyuma yatafunga, yaani yataacha kuzunguka ili gari ligeuke, kwenye kona kali ya changarawe ni silinda iliyo chini yake na paipu zinazoingia na kutoka. Kwa hiyo orodha hii inafuata silinda na paipu. Niliyemfikiria ni dereva wa klabu mwenye Impreza, Lancer Evo, Corolla au Polo, anayelipa mwenyewe na kufunga vitu na fundi wake wikendi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, lala chini ya gari na ufuate paipu kutoka masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Magari mengine yana njia moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Mengine, hasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yamegawanywa kimshazari: mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, na kinyume chake. Jibu la swali hilo moja hufuta nusu ya vitu utakavyooneshwa dukani.

Ya kwanza: silinda moja ya kupitisha, kwa gari lenye njia ya mbele na ya nyuma

Hapa paipu ya nyuma inakatwa, silinda inawekwa katikati. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanapita ndani ya silinda kama kawaida hadi kwenye kalipa, kifaa kinachobana diski ya breki. Ukivuta leva, pistoni inasogea, inaziba tundu la kuingilia na kusukuma mafuta yaliyo mbele yake. Haihitaji kichupa chake cha mafuta, ni nyepesi, na ikipata hitilafu porini unaweza kuiondoa na kuunganisha paipu moja kwa moja.

Kipenyo ndicho cha kufikiria zaidi. Silinda hizi huuzwa kwa inchi: 5/8, 0.700 na 3/4 ndizo utakazokutana nazo sana. Tuseme mkono unavuta kwa nyutoni 200, karibu uzito wa kilo 20, na leva inazidisha nguvu hiyo mara nane. Silinda ya 5/8 itatoa shinikizo la takriban bar 81, ya 0.700 kama bar 64. Ya 3/4 bar 56 tu. Mkono ni uleule, leva ni ileile. Ndiyo maana mtu aliyenunua silinda kubwa akidhani kubwa ni nguvu hulalamika kwamba gari halizunguki. Gharama ya silinda ndogo ni mwendo: inasukuma mafuta kidogo, hivyo leva inakuja mbali zaidi. Kwa kalipa ya nyuma yenye pistoni moja ningechukua 5/8 bila kusita. Kwa Evo yenye kalipa za Brembo za pistoni mbili nyuma ningeanza na 0.700.

Jambo la pili ni mdomo wa kuingilia. Masta silinda ya kawaida imetengenezwa kupokea mafuta yanayoshuka polepole kutoka kichupani, na mara nyingi mdomo huo ni wa plastiki. Kwenye handbreki ya kupitisha, mdomo huohuo unapokea shinikizo lote la pedali, na sili ya nyuma ya pistoni pia. Nunua yenye uzi wa chuma (mistari ya kukazia nati) pande zote mbili, ambayo mtengenezaji mwenyewe anasema ni ya kupitisha. Vinginevyo mafuta yatakutokea kwenye suruali. AP Racing, Wilwood, Tilton na OBP ni majina yanayojulikana. Mimi huuliza kwanza kama sili za akiba zinapatikana peke yake, kwa sababu fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga la Naivasha, halichagui jina.

Wakati wa kufunga, acha uchezaji kidogo kati ya fimbo ya leva na pistoni. Fimbo ikiikandamiza pistoni hata kidogo, tundu la kuingilia linabaki limezibwa na breki ya nyuma haifanyi kazi inavyopaswa. Na kama una vali ya kurekebisha mgawanyo wa breki, iwe kabla ya handbreki. Ukiiweka baada yake, itapunguza shinikizo la mkono pia, nawe utamlaumu muuzaji bure. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga) nalo lina utaratibu wake: silinda inakaa baada ya pampu ya ABS, upande wa magurudumu.

Paipu, ambazo hakuna anayezipigia picha

Kipimo cha kawaida ni inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Shaba tupu inakunjika vizuri lakini hukakamaa na kupasuka kwa mtikisiko, kwa hiyo iache. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, unaouzwa kwa jina la Kunifer, haushiki kutu na unakunjika kwa mkono. Huo ndio wangu. Paipu ya chuma ni imara lakini inamsumbua fundi.

Uzi unahitaji macho. Magari ya Japani na ya Ulaya hutumia sana M10×1, yaani kipenyo cha milimita 10 na hatua ya milimita 1 kati ya mistari ya uzi. Silinda za Marekani mara nyingi ni 3/8-24, yaani inchi 3/8 na mistari 24 kwa kila inchi. Nati ya 3/8 ni nyembamba kuliko M10 kwa chini ya nusu milimita, na hatua za uzi zinakaribiana, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la M10 na kujifanya imekamata. Halafu inang'oka siku unapoihitaji. Midomo ya paipu nayo si mamoja: ya Kijapani hukunjwa mara mbili, ya Kijerumani huwa na kichwa cha mviringo. Ukichanganya, itavuja hata ukikaza mpaka spana ipinde.

Pitisha paipu ndani ya gari, siyo chini ya sakafu ambako mawe ya Kedong, steji ya Safari Rally karibu na Naivasha, yatazikata. Kanuni za usalama za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinakubali maungio ya breki ndani ya chumba cha dereva, mradi paipu zilindwe.

Ya pili: silinda pacha, kwa breki za mshazari

Kama gari lako ni la mshazari, hii inapanda kuwa ya kwanza. Leva moja inasukuma silinda mbili, kila moja kwenye njia yake. Inaongeza maungio na kazi ya kutoa upepo, lakini njia za mkato ni mbaya zaidi. Wapo wanaounganisha magurudumu mawili ya nyuma kwa kiungo cha T ili watumie silinda moja. Hapo njia mbili zimekuwa moja: paipu ikipasuka popote, pedali inazama hadi sakafuni. FIA inataka kwamba mafuta yakivuja upande mmoja, pedali bado ishike angalau magurudumu mawili, na mkaguzi anayejua kazi yake atakurudisha nyumbani.

Ya tatu: kebo uliyonayo

Naam, iko juu ya vitu vya bei kubwa. Kebo mpya, pedi nzuri za nyuma, na kufuli la leva likiondolewa ili ijiachie yenyewe, vinamtosha mtu wa msimu wa kwanza. Hata ukinunua ya haidroliki, usiitupe kebo: shinikizo la mafuta hushuka likiachwa, kwa hiyo handbreki ya haidroliki si ya kuegeshea gari mlimani, na barabara za kuunganisha steji (vipande vya kushindania muda) ni za umma.

Ya nne: pedali mpya zenye masta silinda mbili

Ndiyo bora kuliko zote kiufundi, pamoja na silinda ya kupitisha kwenye njia ya nyuma. Lakini unapoteza serva, yaani kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa wa injini, unakata ukuta wa gari, na bili inapanda. Subiri.

Ya tano: kalipa za pili za nyuma zenye njia yake

Za magari ya drifti, mashindano ya kuteleza kwa makusudi. Uzito na tope. Hapana.

Ya mwisho: seti isiyo na jina ya mtandaoni

Leva yake inaweza kuwa nzuri. Silinda yake itupe, ufunge yenye jina; ukipiga hesabu ya zote mbili utaona hukuokoa kitu.

Kwa wenye Evo 7 hadi 9, ongeza swichi ndogo kwenye leva mpya. Dif ya katikati ya magari hayo, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hujiachia inapopata ishara ya handbreki, na leva ya haidroliki haitumi ishara hiyo yenyewe. Bila swichi unavuta breki ya magurudumu manne, na gari linaenda moja kwa moja kwenye kichaka. Kwenye Impreza yenye dif ya mnato, kanyaga klachi unapovuta.