Triga ipi ununue kwa AR-15 uliyoijenga mwenyewe

Umejenga AR-15 yako ya kwanza mezani kwako Marekani, unapiga karatasi ya yadi 100, na matundu yanatawanyika kama mtama uliomwagwa. Kabla hujalaumu mtutu au darubini, fanya jaribio hili nyumbani. Toa magazini, fungua chemba, ingiza kidole ujiridhishe kwamba hakuna risasi, na risasi zote ziache chumba kingine. Elekeza bunduki upande ulio salama, ikoki, kisha mwambie mtu akulazie sarafu ya robo dola juu ya mtutu, akiwa amesimama pembeni na nyuma ya mdomo wa mtutu. Vuta triga taratibu. Sarafu ikianguka kabla nyundo haijagonga, au ikianguka papo hapo, basi kidole chako kinaisukuma bunduki nje ya shabaha, na triga mbovu ndiyo inayokilazimisha.

Triga zinazokuja kwenye vifurushi vya kujengea huwa za kiwango cha kijeshi. Kiwango hicho kinaruhusu uzito wa kuvuta kuanzia paundi 5.5 hadi 9.5, yaani kama kilo 2.5 mpaka 4.3. Bunduki nyepesi ya aina hii ina kilo tatu hivi. Maana yake unaweza kujikuta unavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa bunduki yenyewe, halafu unategemea itulie.

Hata hivyo uzito si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni mkwaruzo. Triga ya kawaida inakwenda kidogo, inasita, inakwenda tena, inasita, kama mlango wa bati unaoburuzwa juu ya changarawe. Hujui itaachia lini, kwa hiyo mwili unaanza kubahatisha, bega linajikaza, na risasi inakwenda chini kushoto. Triga ya paundi 4.5 iliyo safi itakupa matundu ya karibu zaidi kuliko ya paundi 3 yenye mchanga ndani. Watu wengi wananunua kwa kusoma namba ya uzito peke yake, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Zipo za hatua moja na za hatua mbili. Ya hatua moja inakaa imekaza, unaongeza nguvu, inaachia. Ya hatua mbili inakubali kwenda kwanza kwa ulaini, kisha kidole kinagota ukuta. Hapo unasimama, unahakikisha lengo, unavuta pumzi na kuitoa nusu, halafu unaongeza nguvu kidogo tu na risasi inaondoka. Kwa mtu anayejifunza, ukuta ule ni mwalimu. Ndiyo sababu mbili za juu kwenye orodha yangu ni za hatua mbili.

1. LaRue MBT-2S

Hii ndiyo ningempa mdogo wangu. Inatengenezwa Leander, Texas, kwa chuma cha S7, kile kile cha kutengenezea zana zinazopigwa nyundo kutwa. Uzito wake ni paundi 4.5 kwa jumla: 2.5 za hatua ya kwanza na 2 za ukuta. Ilipoanza kuuzwa ilikuwa ghali, baadaye bei ikashuka sana. Nimeinunua chini ya dola 100, na kwa pesa hiyo sijaona ya kuikaribia. Ukuta wake unasikika wazi hata ukiwa na glavu nyembamba. Ukiachia kidole baada ya kupiga, unasikia mguso wa kurudi kwake, mfupi na wa uhakika. Kuna iliyopinda na iliyonyooka. Mimi napenda iliyopinda kwa sababu kidole kinarudi mahali pale pale kila mara, lakini wenye vidole virefu mara nyingi huchagua iliyonyooka.

2. Geissele SSA-E

Ukiwa na dola 240 hivi na unapiga mbali, yadi 300 na kuendelea, chukua hii. Bill Geissele na kiwanda chake cha Pennsylvania walitengeneza triga kwa ajili ya vikosi maalumu vya Marekani, na familia ya SSA imetokana na kazi hiyo. SSA-E ina paundi 3.5: 2.3 za mwanzo, 1.2 tu za ukuta. Ile 1.2 inaachia ghafla, kama kijiti cha kioo kinapovunjika. Ni nzuri kuliko ya kwanza, nakiri, ila si nzuri mara mbili na nusu kama bei inavyodai. Tofauti ile ya pesa nunua risasi ukafanye mazoezi, utapata faida zaidi.

Kama unafikiria mashindano ya bunduki za mtindo wa kijeshi ya CMP, shirika la Marekani la ulengaji shabaha kwa raia, yale ambayo mkutano wake mkubwa hufanyika Camp Perry, Ohio, angalia kwanza kanuni. Triga yako lazima iinue jiwe la mizani la paundi 4.5 bila kuachia. SSA-E haipiti. LaRue iko mpakani kabisa, kwa hiyo ipime kwa jiwe kabla hujalipa kiingilio.

3. ALG ACT

Hii ni ya hatua moja, bei yake iko chini ya LaRue, na inatoka kwa Amy Lynn Geissele, mke wa Bill. Herufi za jina lake ndizo zilizoipa kampuni jina. Kimsingi ni triga ya kijeshi iliyosuguliwa ikasuguliwa, ikapakwa nikeli. Uzito unabaki karibu na paundi 6, lakini changarawe imeondoka. Kwa bunduki ya kulinda nyumba naipenda kuliko zote. Usiku wa manane, mikono ikitetemeka na mtoto yuko chumba cha pili, hutaki triga ya paundi 3 chini ya kidole chako.

4. Timney na CMC za kaseti

Timney wako Phoenix, Arizona, na wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1946. CMC wako Fort Worth. Triga zao zinakuja zikiwa zimefungwa ndani ya kisanduku kimoja: unadumbukiza, unapitisha pini mbili, basi. Zinaachia kwa usafi, za paundi 3 hadi 3.5 zinapendwa na wanaowinda nguruwe pori. Nimeziweka za nne kwa sababu uchafu ukiingia ndani ya kisanduku ni kazi kuutoa, na kwa sababu wepesi huo bila ukuta unamtaka mpigaji aliyekwisha kukomaa. Kama unaogopa springi na vyuma vidogo, zipandishe mpaka namba mbili.

Za mtandaoni zisizo na jina, za dola 35, sizipi namba. Wala usikate au kupinda springi za triga yako ya zamani ili ziwe nyepesi. Nyundo ikikosa nguvu, fataki ngumu za risasi za kijeshi, yaani vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, hazitawaka. Sehemu zinazoshikana zikichongwa na mkono usiojua, bunduki inaweza kupiga yenyewe ikidondoka, au kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja. Hiyo ya pili sheria ya Marekani inaihesabu kuwa bunduki ya rashasha, na ni kifungo.

Na tukiwa kwenye sheria: bodi ya chini, ile sehemu yenye namba inayobeba triga na magazini, ndiyo bunduki kisheria, ndiyo unayoijazia fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, dukani, na dukani unatakiwa uwe na miaka 21. Triga haina fomu. Lakini ndugu zangu mlio kwa viza ya masomo au ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hana katazo hilo. Majimbo kama California na New York yana masharti yao mazito juu ya AR-15. Na usije ukatia triga kwenye begi la kwenda Dar au Nairobi eti ni kichuma tu. Ni sehemu ya silaha, inaweza kukutia matatani pande zote mbili.

Kabla ya kulipa, pima matundu ya pini kwenye bodi yako. Karibu zote za leo ni inchi 0.154, ila baadhi ya Colt za zamani zina matundu makubwa ya 0.170.

Wakati wa kufunga, shughulika sana na springi ya nyundo. Miguu yake miwili inakaa juu ya pini ya triga, na mmoja unalala ndani ya mfereji wa pini hiyo ili isitoke. Mwaka wangu wa kwanza niliifunga kinyume. Uwanjani risasi ya tatu ikatoa mlio mkavu tu. Nilibaki nimeelekeza mtutu kwenye shabaha nusu dakika nzima, moyo ukinidunda, ndipo nikaitoa. Fataki ilikuwa na kidoti kidogo kama alama ya ncha ya kalamu, mahali palipopaswa kuwa na shimo.

Ukimaliza, rudisha bodi ya juu, ile yenye mtutu, kwanza. Nyundo ikiachiwa bure inagonga bodi ya chini na kuijeruhi. Bunduki ikiwa tupu, ikoki, weka swichi kwenye usalama na uvute kwa nguvu: nyundo isisogee. Geuza swichi, vuta: igonge. Endelea kushikilia triga, koki tena, kisha achia kidole polepole. Unapaswa kusikia mguso mmoja, na nyundo ibaki juu. Ikianguka hapo, fungua uanze upya, usiipeleke uwanjani.

Siku ya kwanza uwanjani, tia risasi moja kwenye magazini. Ikienda sawa, tia mbili. Baada ya hapo ndipo ujaze. Ukirudi nyumbani tazama pini pande zote mbili: zikiwa zimechomoza hata kwa unene wa ukucha, springi haijakaa mahali pake.